Anayekimbia Vita Asidaiwe Karatasi Zilizoteketea Vitani

Vita vilipozuka mjini Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, baina ya Jeshi la Sudan na kikosi cha RSF, balozi nyingi za nchi za Ulaya na ule wa Marekani zilifungwa katika muda wa siku chache tu. Mabalozi na maofisa wao waliondolewa kwa ndege na kwa misafara ya magari. Lakini ndani ya majengo hayo zilibaki pasipoti za Wasudani ambao walikuwa wamezipeleka huko kuombea viza kabla ya mapigano kuanza. Balozi kadhaa ziliziacha zimefungiwa makabatini. Kwa upande wa Marekani, serikali ilikiri baadaye kwamba pasipoti zilizokuwamo ubalozini ziliharibiwa, kwa kuwa ndivyo utaratibu wao unavyoagiza wakati wa kuhama ghafla, ili zisiangukie katika mikono isiyostahili. Hivyo raia wengi wasio na hatia walijikuta katika hali ya ajabu: mizinga inapiga juu ya mapaa yao, mpaka uko mbele yao, lakini hati ya kuvukia imeteketezwa na nchi ile ile iliyokuwa ikiombwa ruhusa.

Tukio hilo halifai kupita bila ya kutafakariwa na watu wenye kushika mihuri na kalamu, yaani watumishi wa umma na walimu. Linatufunulia jambo ambalo hurudiwa karibu katika kila vita: mtu anayekimbia hudaiwa karatasi ambazo vita vyenyewe vimeziangamiza, na mlango wa viza hufungwa saa ile ile moto unapowaka. Wengi huliona jambo hili kuwa ni balaa la kawaida, mfano wa mafuriko au ukame. Sivyo. Sharti la viza huwekwa na serikali kwa barua iliyotiwa saini, na lililowekwa kwa barua laweza kuondolewa kwa barua.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya sekondari mjini Omdurman, mwenye mke na watoto watatu, ambaye shule yake imegeuzwa kambi ya askari. Mwalimu huyu hataki kuvunja sheria ya nchi yoyote. Anataka kuondoka kwa amani, kwa njia iliyo halali. Je, ana njia gani?

Ya kwanza ni viza ya masomo. Atatakiwa awe na barua ya chuo, vyeti vyake halisi, taarifa ya benki ya miezi kadhaa na, katika nchi nyingi, ushahidi kwamba masomo yakiisha atarudi kwao. Lakini vyeti viko katika ofisi iliyoporwa, na benki za Khartoum zenyewe zilivunjwa na kuporwa. Tena sharti la kurudi ndilo gumu kuliko yote. Akisema kweli, kwamba hajui lini nyumba yake itakalika tena, atanyimwa. Akitaka kupewa, yampasa aseme uwongo. Sheria inayomlazimisha mtu mwaminifu kuwa mwongo ina kasoro ndani yake.

Ya pili ni viza ya kazi. Hiyo humtaka mwajiri aliyekwisha kumwombea kibali, na barua ya mwajiri wa zamani kuthibitisha utumishi wake. Mwalimu huyu ataipata wapi barua ya mwalimu mkuu ambaye hajulikani alipo?

Ya tatu ni viza ya kuungana na jamaa walioko ng'ambo. Hapa sheria za nchi nyingi za Magharibi zinapofasiri neno jamaa, humaanisha mume, mke na watoto walio chini ya umri wa miaka 18. Mama mzee hahesabiwi. Mdogo wake aliyemlea baada ya baba kufariki hahesabiwi. Kwetu sisi huo ndio ukoo. Kwao ni watu baki.

Ya nne ni kupelekwa katika nchi ya tatu kwa mpango wa makazi mapya, chini ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Njia hii haiombwi kama viza, mtu huteuliwa. Na ili ateuliwe, kwanza awe amekwisha kutoka nchini mwake na kutambuliwa kuwa mkimbizi. Wanaopata nafasi hiyo kila mwaka hawafiki mkimbizi mmoja katika kila 100 duniani. Marekani, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyopokea wengi zaidi kwa mpango huo, iliusimamisha mnamo Januari 2025, na mwezi Juni mwaka huo huo ikatangaza kuwazuia raia wa nchi 12 wasiingie, Sudan ikiwa mojawapo.

Hata pale ambapo moja ya njia hizo imefunguka, bado kuna kizingiti kingine. Mwombaji hutakiwa afike mwenyewe katika kituo cha viza ili apigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kituo cha Khartoum kilipofungwa, vilivyobaki vilikuwa katika miji kama Cairo, Addis Ababa na Nairobi. Kufika huko nako kuna masharti yake ya kuingia. Kwa maneno mengine, mtu huyu anahitaji ruhusa ili aende kuomba ruhusa.

Wapo watakaosema kwamba mkimbizi hahitaji viza, kwa kuwa sheria ya kimataifa inamlinda. Maneno hayo yana ukweli, ila ni nusu yake tu. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu chake cha 31, unazikataza serikali kumwadhibu mkimbizi kwa sababu tu ya kuingia bila kibali, mradi ajitokeze bila kuchelewa na kueleza sababu zake. Lakini hifadhi huombwa na mtu aliyekwisha kukanyaga ardhi ya nchi husika. Nazo nchi tajiri, zikijua hivyo, zimehakikisha kwamba hatakanyaga. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1987 ya kuyatoza faini mashirika ya ndege na meli yanayombeba abiria asiye na hati. Jumuiya ya Ulaya nayo ilitoa agizo la namna hiyo mwaka 2001, likitaja faini za maelfu ya euro kwa kila abiria. Matokeo yake ni kwamba mlinzi wa mpaka wa Ulaya leo ni karani wa shirika la ndege, aliyesimama kwenye meza ya kukagulia tikiti mjini Nairobi au Addis Ababa, asiye hakimu wala mwanasheria, na ambaye akimhurumia abiria huenda akaitia hasara kampuni yake. Haki ya kuomba hifadhi imeandikwa vizuri katika mkataba, kisha ngazi ya kuifikia imeondolewa.

Suala hilo lilifikishwa mahakamani. Mwezi Oktoba 2016 familia moja ya Wasiria kutoka Aleppo, mji uliokuwa ukipigwa mabomu kila siku, ilisafiri hadi Beirut na kuomba viza ya kibinadamu katika ubalozi wa Ubelgiji. Walikuwa mume, mke na watoto watatu. Walisema bila kuficha kwamba walikusudia kuomba hifadhi wakifika. Wakanyimwa, na sababu iliyotolewa ni kule kusema kweli: viza ya muda mfupi si ya mtu anayekusudia kukaa. Mwaka 2017, tarehe 7 Machi, Mahakama ya Haki ya Jumuiya ya Ulaya ilitoa uamuzi kwamba sheria ya Jumuiya haizilazimishi nchi wanachama kutoa viza ya namna hiyo, na kwamba kila nchi ina hiari yake. Mahakama haikusema kwamba ni marufuku kuitoa. Ilisema ni hiari. Basi na tuitazame hiari hiyo ilivyotumika.

Mwezi Februari 2022 Urusi iliposhambulia Ukraine, Jumuiya ya Ulaya ilichukua agizo lake la mwaka 2001 kuhusu hifadhi ya muda, ambalo kwa zaidi ya miaka 20 halikuwa limetumika hata mara moja, ikaliamsha tarehe 4 Machi 2022. Mamilioni ya Waukraine walipewa haki ya kuishi, kufanya kazi, kutibiwa na kusomesha watoto, bila ya kila mmoja kupitia kesi ndefu ya ukimbizi. Uingereza ilifungua mipango miwili ya viza bila malipo, na watu zaidi ya 200,000 wakaingia kwa njia hiyo. Canada ilianzisha viza maalumu isiyokuwa na ukomo wa idadi, na kufikia mwaka 2024 ilikuwa imeidhinisha maombi zaidi ya 900,000.

Vita vya Sudan vilipofuata mwaka mmoja baadaye, Uingereza haikufungua mpango wa viza kwa Wasudani. Canada ilifungua wake tarehe 27 Februari 2024, zaidi ya miezi kumi baada ya Watoto wa Khartoum kuanza kulala chini ya vitanda, nao ulikuwa kwa wenye jamaa nchini Canada tu, waliotakiwa kuonyesha uwezo wa fedha. Ukomo uliwekwa kuwa maombi 3,250. Idadi iliongezwa baadaye, lakini mwanzo huo wenyewe unatosha kuwa ushahidi.

Hatusemi kwamba Waukraine hawakustahili walichopewa. Walistahili kikamilifu, na kupokewa kwao kulikuwa tendo la utu. Tunasema kwamba kupokewa huko kumeondoa visingizio vyote. Tuliambiwa kwa miaka mingi kwamba haiwezekani kuchunguza watu wengi kwa haraka, ikawezekana. Tuliambiwa kwamba shule na hospitali hazitoshi, zikatosha. Tuliambiwa kwamba sheria hairuhusu. Ikaonekana sheria ilikuwapo tangu mwaka 2001, imelala kabatini. Katika siku hizo hizo za Februari na Machi 2022, wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakisoma Ukraine walirudishwa nyuma kwenye vituo vya treni na mipakani, hata Umoja wa Afrika ukalazimika kutoa tamko la kulaani. Walikuwa wakikimbia mabomu yale yale.

Hata hivyo, mkosoaji wa nyumba ya jirani yampasa afagie na ua wake. Tabia ya kufunga mlango wakati wa vita haiko Ulaya peke yake. Kabla ya Juni 2023, wanawake wa Sudan, watoto na wanaume wenye umri wa zaidi ya miaka 50 waliweza kuingia Misri bila viza. Mwezi huo, vita vikiwa vimepamba moto, Misri ilitangaza kwamba kila Msudani sasa lazima awe na viza, ikieleza kwamba kulikuwa na hati za kughushi. Haki isemwe: Misri imepokea Wasudani wengi mno, zaidi ya milioni moja, na mzigo wake si mdogo. Lakini matokeo ya sharti lile yalikuwa nini? Watu walijaa Wadi Halfa wakingojea kwa majuma mengi mbele ya konseli. Waliochoka kungoja waliangukia mikononi mwa wasafirishaji wa magendo. Wahenga walisema, penye udhia penyeza rupia. Na wenye rupia walipenyeza, wasio nazo wakabaki. Mwezi Juni 2024, joto lilipokuwa kali kupita kiasi, miili ya Wasudani waliopita jangwani kwa siri ilikutwa kusini mwa Misri. Viza haikuwazuia kukimbia. Iliwabadilishia njia tu, kutoka barabara kuu hadi jangwani.

Hapa ndipo penye jibu kwa wale wanaohofia usalama, na hofu yao si ya kupuuzwa. Serikali yoyote ina wajibu wa kujua nani anaingia nchini. Lakini mtu aliyepewa viza ni mtu aliyepigwa picha, aliyechukuliwa alama za vidole, na ambaye anuani yake inajulikana. Aliyepitishwa porini usiku hana rekodi yoyote. Kwa hiyo anayetaka usalama angepaswa kuwa wa kwanza kutetea viza ya dharura. Aidha, viza si uraia. Ni ruhusa ya muda, yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, inayoweza kurefushwa au kufutwa.

Sisi Watanzania tunalijua jambo hili kwa matendo. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24. Hakuna aliyewadai taarifa za benki. Waburundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi ya kulima, na zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao hatimaye walipewa uraia. Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa sera hiyo. Jina la nishani hiyo lina maana kwetu, kwa kuwa Fridtjof Nansen ndiye aliyebuni, mwaka 1922, hati ya kusafiria kwa watu waliopoteza nchi na karatasi zao. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, dunia isiyokuwa na kompyuta iliweza kumtambua mtu asiye na pasipoti. Lakini pia ni kweli kwamba mwezi Machi 1995 nchi yetu ilifunga mpaka wake na Burundi. Ulikuwa mwaka mgumu, na kambi zilikuwa zimejaa. Kuukumbuka ukweli huo ndiko kutakakotupa haki ya kusema na wengine.

Basi la kufanya ni nini?

Kwanza, nchi za Afrika zirudi kwenye sheria zilizoziandika zenyewe. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unamtambua kuwa mkimbizi hata yule anayekimbia machafuko makubwa ya amani katika sehemu ya nchi yake, na unatamka kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani, lisihesabiwe na nchi yoyote kuwa uadui. Itifaki ya mwaka 2018 ya usafiri huru wa watu barani imetiwa saini na nchi nyingi, lakini kufikia mwaka 2024 zilizoiridhia hazikufika tano, wakati zinatakiwa 15 ili ianze kutumika. Tunawalaumu vipi wenye Ulaya kwa milango yao ilhali yetu tumeandika kwamba iko wazi kisha tukakataa kugeuza ufunguo? Yafaa pawe na makubaliano kwamba nchi ikiingia vitani, jirani zake hazitaongeza masharti mapya ya viza kwa raia wake, na balozi zilizo karibu zitapokea maombi kwa pasipoti iliyokwisha muda, kwa cheti cha kuzaliwa, au kwa kiapo, bila malipo.

Pili, vyuo na shule zetu zitambue kwamba nafasi ya masomo yaweza kuwa njia ya kuokoa maisha. Mwaka 2023 wanafunzi wa udaktari wa chuo kimoja cha Khartoum walipokewa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ili waendelee na mafunzo yao ya vitendo. Hawakuja kama watu wa kuhurumiwa. Walikuja kama madaktari watarajiwa, wakahudumu wodini pamoja na wenzao wa hapa. Huo ni mfano wa kuendelezwa kwa walimu, wauguzi na mafundi. Mhadhiri aliyepoteza vyeti katika moto apewe mtihani au mahojiano kupima ujuzi wake, kwa kuwa elimu ya mtu imo kichwani mwake, si katika karatasi.

Tatu, na hili lamhusu kila mtumishi, ofisa aliye dirishani atumie hiari aliyopewa na sheria. Mwaka 1940 ofisa wa Japani mjini Kaunas, Chiune Sugihara, alitoa viza za kupita zaidi ya 2,000 kwa Wayahudi waliokuwa wakikimbia, na Mreno Aristides de Sousa Mendes akafanya vivyo hivyo mjini Bordeaux. Sousa Mendes aliadhibiwa na serikali yake. Nchi yake ilimrudishia heshima mwaka 1988, miaka mingi baada ya kufa kwake. Hatumtaki mtumishi wetu avunje sheria. Tunataka wakubwa wake waandike sheria na miongozo ambayo haitamlazimisha kuchagua baina ya kazi yake na dhamiri yake.

Kufikia katikati ya mwaka 2025 watu zaidi ya milioni nne walikuwa wamevuka mipaka ya Sudan, na mwezi Oktoba mwaka huo mji wa El Fasher ulianguka mikononi mwa RSF baada ya kuzingirwa kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi. Mwezi Aprili 2023 nasi tulikuwa na vijana wetu huko. Watanzania zaidi ya 200, wengi wao wanafunzi, walirudi nyumbani salama kwa kupitia Ethiopia. Walipita kwa sababu serikali yao iliwaombea njia, na jirani akaifungua. Mwalimu wa Omdurman hana serikali ya kumwombea. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Na kabla ya kutia maji, mfungulie mlango.